Kubadilisha Diski Kuu ya Kompyuta Mpakato na Kusakinisha Upya Mfumo Endeshi: Usalama wa Data za Uwandani katika Utafiti wa Fasihi Simulizi ya Wanyambo, Wilaya za Karagwe na Kyerwa

IKISIRI

Makala haya yanafafanua hatua za kubadilisha diski kuu ya kompyuta mpakato na kusakinisha upya mfumo endeshi, kwa kumlenga mtafiti anayekusanya data za fasihi simulizi na isimu katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Hoja ya msingi ni kwamba kazi hii, ambayo kwa kawaida huachiwa fundi, ni sehemu ya methodolojia ya utafiti, kwa sababu mpangilio wa hatua zake ndio unaoamua kama sauti za wasimulizi zitabaki au zitapotea. Makala yanaanza na istilahi, kisha yanaeleza namna diski inavyohifadhi na inavyoharibika, uokoaji wa data, ubadilishaji wa kifaa, usakinishaji wa mfumo, urejeshaji wa faili za utafiti na hatima ya diski kuukuu. Yanahitimisha kwa mapendekezo kwa watafiti, wasimamizi na vyuo.

1.0 Utangulizi

Karagwe ilikuwa mojawapo ya falme mashuhuri za eneo la Maziwa Makuu. Mwaka 1861 John Hanning Speke na James Augustus Grant walipokelewa na Omukama Rumanyika, na habari za ufalme huo zikaingia katika maandishi ya Ulaya kwa jicho la wageni hao. Simulizi za Wanyambo wenyewe kuhusu Bweranyange, koo, miiko na vita zimebaki kwa sehemu kubwa katika vinywa vya wazee na katika tungo zinazoimbwa kwa enanga. Lugha yenyewe imefanyiwa kazi za kitaaluma, hususani na J. M. Rugemalira, ambaye tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1993 ilichunguza vinyambulishi vya kitenzi cha Kinyambo, na ambaye baadaye alitoa msamiati na sarufi ya lugha hiyo. Hata hivyo, kazi ya kurekodi usemi wenyewe haijaisha, na wasimulizi wanaozeeka hawamngojei mtafiti.

Tangu mwaka 2012, Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe na kuwa wilaya kamili, mtafiti wa jamii hii hufanya kazi katika wilaya mbili, akitoka Kayanga, Nyaishozi au Bweranyange kwenda Nkwenda, Kaisho au Murongo mpakani mwa Uganda. Kompyuta yake husafiri naye, mara nyingi mgongoni juu ya pikipiki, katika barabara za vumbi wakati wa kiangazi na za matope wakati wa masika. Jioni hurekodi huhamishwa kutoka kwenye kinasa sauti kwenda kwenye kompyuta, kadi ya kinasa sauti husafishwa ili itumike kesho yake, na kuanzia hapo nakala pekee ya usimulizi huo imo ndani ya diski moja. Diski hiyo ikifa, data za sura ya nne ya tasnifu hufa nayo.

Tatizo linaloshughulikiwa hapa ni hili. Kompyuta inapoanza kuwa nzito au kukataa kuwaka, tiba inayozoeleka ni kufuta kila kitu na kusakinisha mfumo upya. Tiba hiyo hufaa iwapo ugonjwa uko kwenye mfumo. Iwapo ugonjwa uko kwenye diski, tiba hiyohiyo huandika juu ya data ambazo bado zingeweza kuokolewa, na huiacha diski mbovu mahali pake ili iharibike tena.

2.0 Istilahi

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, na taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vimekuza istilahi za kompyuta kwa muda mrefu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa chuo hicho ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye kiolesura cha Kiswahili, na Microsoft nayo ilitoa kiolesura cha Kiswahili cha Windows katika mwongo huohuo. Licha ya juhudi hizo, istilahi za vitabuni na maneno ya meza ya fundi bado haviendi sambamba. Kitabu husema kusakinisha au kusanikisha mfumo endeshi; fundi husema kupiga Windows. Kitabu husema diski kuu. Fundi husema hadi diski au HDD. Kitabu husema kompyuta mpakato au kipakatalishi. Mitaani ni laptopu.

Tofauti hiyo ina madhara ya kiutendaji. Mteja anaposema "nipigie Windows mpya", fundi huelewa kwamba ameruhusiwa kufuta sehemu ya diski yenye mfumo. Mteja huenda alikusudia tu kwamba kompyuta irudi katika hali yake ya awali. Vilevile, maneno "usiguse D" huchukuliwa kuwa kinga tosha. Herufi C na D kwa kawaida ni sehemu mbili za diski moja. Mgawanyo huo hulinda faili dhidi ya usakinishaji wa mfumo, lakini haulindi chochote dhidi ya kifo cha diski, kwani sehemu zote mbili ziko juu ya sahani zilezile.

Katika makala haya, "diski kuu" ni kifaa cha kuhifadhi data kwa kudumu. "Mfumo endeshi" ni programu inayosimamia kompyuta nzima, kama vile Windows au Ubuntu. "Programu dhibiti" ni ile iliyomo kwenye ubao mama, inayoamka kwanza mtumiaji anapobonyeza kitufe cha kuwashia. Na "nakala akiba" ni nakala iliyohifadhiwa kwenye kifaa kingine, mbali na kompyuta inayotumika.

3.0 Namna Diski Inavyohifadhi na Inavyoharibika

Diski kuu ya kwanza kuuzwa ilitolewa na IBM mwaka 1956 pamoja na kompyuta ya RAMAC. Ilikuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24, na uwezo wake ulikuwa herufi milioni 5 hivi. Kanuni yake haijabadilika sana: sahani zenye utando wa sumaku huzunguka, na kichwa hupita juu yake kikisoma na kuandika. Diski ya kompyuta mpakato ina upana wa inchi 2.5, na aghalabu huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Kichwa chake huelea juu ya sahani kwa umbali unaohesabiwa kwa nanomita, yaani mdogo kuliko chembe ya vumbi kwa mbali. Ndiyo sababu diski haipaswi kufunguliwa nje ya chumba maalumu kisicho na vumbi, na ndiyo sababu mtikisiko wakati inazunguka ni hatari kuliko mtikisiko ikiwa imezimwa. Mtafiti anayefunga kifuniko cha kompyuta na kupanda pikipiki kabla haijazimika kabisa anaiweka diski yake katika hatari hiyo.

Diski isiyozunguka, ambayo mafundi huiita SSD, haina sahani wala kichwa. Huhifadhi data kama chaji za umeme ndani ya vipande vya silikoni. Huvumilia mtikisiko na ina kasi kubwa zaidi, lakini ina udhaifu wake: inaweza kufa ghafla bila dalili, na faili lililofutwa humo mara nyingi halirudi, kwa kuwa mfumo endeshi huijulisha diski kwamba nafasi hiyo haitumiki tena, nayo huisafisha. Kwa hiyo kuhamia SSD ni hatua nzuri kwa mtafiti wa uwandani, ila haiondoi haja ya nakala akiba.

Dalili za diski inayozunguka kuelekea kufa ni hizi: mlio wa kugongagonga unaojirudia, kompyuta kuganda kila faili fulani linapofunguliwa, faili kunakiliwa kwa kasi inayoshuka hadi karibu sifuri, na mfumo kuomba kukagua diski kila unapowaka. Aidha, diski nyingi huweka kumbukumbu ya afya yake iitwayo SMART, ambayo husomwa kwa programu za bure kama CrystalDiskInfo katika Windows au smartctl katika Linux. Mambo mawili ya kuangaliwa kwanza ni idadi ya sekta zilizohamishwa na idadi ya sekta zinazosubiri. Idadi hizo zikiwa juu ya sifuri na zikiendelea kupanda, uamuzi wa kubadilisha diski usiahirishwe. Ikumbukwe kwamba taarifa nzuri ya SMART si dhamana, kwani diski huweza kufa huku kumbukumbu yake ikionesha afya.

Kwa mkoa wa Kagera kuna suala la umeme pia. Mkoa huu umetegemea kwa miaka mingi umeme unaoingizwa kutoka Uganda, na katizo la umeme si jambo geni. Kompyuta yenye betri nzima huvuka katizo hilo salama. Kompyuta ambayo betri yake imekufa, na inafanya kazi kwa waya tu, huzimika katikati ya kuandika. Faili lililokuwa wazi huharibika, na wakati mwingine jedwali la faili zote huharibika pamoja nalo.

4.0 Kuokoa Data Kabla ya Jambo Lingine Lolote

Kanuni ya kwanza ni kwamba diski inayoshukiwa isiandikwe kitu. Ukaguzi na urekebishaji wa makosa, kupanga upya faili, au kusakinisha mfumo juu yake ni vitendo vya kuandika. Kila kimoja huweza kufunika data au kuichosha diski iliyokwisha kuchoka.

Ikiwa kompyuta bado inawaka, faili za utafiti zinakiliwe mara moja kwenye diski ya nje, kwa kuanza na zile zisizoweza kupatikana tena: rekodi za sauti na video, fomu za ridhaa zilizoskaniwa, na madaftari ya uwandani yaliyopigwa picha. Unukuzi na tafsiri hufuata. Rasimu ya tasnifu, ambayo pengine ipo pia katika barua pepe ya msimamizi, huja mwisho. Mtafiti mwenye hofu hufanya kinyume: huokoa rasimu kwanza, na diski hufa kabla sauti hazijafikiwa.

Ikiwa mfumo hauwaki lakini diski bado inaonekana, kompyuta huwashwa kwa Linux iliyomo kwenye flashi bila kusakinisha chochote, na faili hunakiliwa kutoka huko. Ikiwa diski ina sekta mbovu, njia salama ni kuchukua taswira ya diski nzima kwa programu ya GNU ddrescue. Programu hiyo husoma kwanza maeneo mazima, huruka yale mabovu, kisha huyarudia baadaye, na hutunza ramani ya yaliyosomwa ili kazi iweze kuendelea baada ya umeme kukatika. Uokoaji wa faili hufanyika baadaye juu ya taswira hiyo, kwa programu kama TestDisk na PhotoRec, huku diski yenyewe ikiwa imepumzishwa. Diski inayogongagonga au isiyoonekana kabisa izimwe. Iliyobaki ni kazi ya maabara maalumu, na kila jaribio la kuiwasha hupunguza uwezekano wa kufaulu.

Jambo moja hukwamisha wengi. Kompyuta nyingi za Windows za miaka ya karibuni huwa zimesimbwa kwa BitLocker bila mwenyewe kujua. Diski kama hiyo ikitolewa na kuunganishwa kwenye kompyuta nyingine, haisomeki bila ufunguo wa urejeshi wenye tarakimu 48. Ufunguo huo aghalabu hupatikana katika akaunti ya Microsoft ya mtumiaji, na inafaa uandikwe karatasini kabla ya safari ya uwandani.

Ukubwa wa data nao ukadiriwe mapema. Rekodi ya WAV ya stereo yenye sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24 huchukua gigabaiti 1 na ushei kwa saa moja. Saa 60 za mahojiano na maonesho ya enanga ni gigabaiti 62 hivi. Kupitia waya wa USB wenye kasi halisi ya megabaiti 30 kwa sekunde, kazi hiyo ni ya dakika 35 hivi. Kwa mtandao wa simu wenye kasi ya kupakia ya megabiti 2 kwa sekunde, ni ya saa 69, yaani karibu siku tatu mfululizo. Kutokana na hesabu hiyo, uhifadhi wa mtandaoni ufikiriwe baada ya kurejea chuoni, na diski ya nje iwe kinga ya uwandani.

Kifaa cha kupokea nakala nacho kikaguliwe. Flashi zenye muundo wa FAT32 hukataa faili moja linalofikia gigabaiti 4, na hivyo video ndefu ya ngoma au ya harusi haitaingia; muundo wa exFAT hauna kikwazo hicho. Aidha, sokoni kuna flashi bandia zinazojitangaza kuwa na nafasi kubwa kuliko waliyonayo watengenezaji wake. Flashi hizo hupokea faili bila kulalamika na kuziharibu kimyakimya. Programu ya H2testw, au F3 kwa watumiaji wa Linux, hubaini udanganyifu huo kwa kuijaza flashi yote na kuisoma tena.

5.0 Kubadilisha Diski

Kabla ya kununua diski, mtafiti ajue kompyuta yake inakubali diski ya aina gani. Kompyuta za zamani hutumia diski ya inchi 2.5 yenye kiunganishi cha SATA, na hizo huweza kupokea SSD ya umbo hilohilo bila badiliko lolote. Unene utazamwe: diski nyembamba ya milimita 7 huingia katika nafasi ya milimita 9.5 kwa kuwekewa fremu ndogo, lakini nene haiingii katika nafasi nyembamba. Kompyuta mpya zaidi hutumia kipande chembamba cha M.2. Hapa kuna mtego, kwa kuwa M.2 ya SATA na M.2 ya NVMe hufanana kwa macho, ilhali baadhi ya kompyuta hukubali moja tu kati ya hizo. Baadhi ya kompyuta za bei nafuu zina hifadhi iliyounganishwa moja kwa moja kwenye ubao mama, na hiyo haibadilishwi kwa bisibisi.

Hatua zenyewe ni chache. Kompyuta huzimwa kabisa, si kulazwa, chaja huchomolewa, betri hutolewa, au ikiwa ya ndani, waya wake hutenganishwa na ubao mama mara tu kifuniko kinapofunguliwa. Kazi ifanyike juu ya meza safi, na mwenye kufanya kazi aguse kwanza kitu cha chuma kilichoungana na ardhi ili kuondoa umeme tuli mwilini. Skrubu za kifuniko hutofautiana urefu. Zipangwe kwa mfuatano wa mahali zilipotoka, kwani ndefu ikirudishwa penye fupi huweza kutoboa sehemu ya kibodi au ubao mama. Diski ya SATA husogezwa mlalo ili itoke kwenye kiunganishi, wala hainyanyuliwi kwa nguvu. Kipande cha M.2 hufunguliwa skrubu moja, nacho huinuka chenyewe kwa mshazari kabla ya kuvutwa. Diski mpya huingizwa kwa njia hiyohiyo kinyumenyume.

Diski iliyotolewa iwekewe lebo yenye tarehe na neno "asili", kisha itunzwe mikononi mwa mtafiti. Isiachwe kwa fundi kama sehemu ya malipo, na isitumike kwa jambo lingine lolote mpaka urejeshaji uthibitishwe.

6.0 Kusakinisha Mfumo Endeshi

Usakinishaji huhitaji flashi ya gigabaiti 8 au zaidi iliyoandaliwa kwenye kompyuta nyingine. Flashi ya Windows huandaliwa kwa programu inayotolewa bure na Microsoft. Ile ya Ubuntu huandaliwa kwa programu kama Rufus kutokana na taswira rasmi. Kwa kuwa taswira hizo ni za gigabaiti kadhaa, inafaa zipakuliwe chuoni au mjini kabla ya kwenda uwandani, na alama yake ya uhakiki ya SHA-256 ilinganishwe na ile iliyotangazwa na watoaji. Upakuaji uliokatika njiani hutoa flashi inayokwama katikati ya usakinishaji.

Kuhusu uchaguzi wa mfumo, msaada wa kawaida wa Windows 10 ulifikia kikomo tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inahitaji kipengele cha usalama cha TPM 2.0, kumbukumbu ya muda ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64 na kichakataji kilichomo katika orodha ya Microsoft, sharti linaloziacha nje kompyuta nyingi zilizonunuliwa zikiwa zimetumika. Kwa kompyuta hizo, Ubuntu au Linux Mint ni njia ya halali na isiyo na gharama, na programu za Praat, ELAN na Audacity zote hufanya kazi humo. Njia ya tatu, yaani Windows iliyofunguliwa kwa programu ya kuvunja leseni, ndiyo inayopatikana kwa urahisi. Pamoja na kuwa kinyume cha sheria, programu hizo hutaka kinga dhidi ya virusi izimwe kwanza, na hivyo huweza kuingiza wavamizi katika kompyuta yenye taarifa binafsi za watafitiwa. Mwenye leseni halali hana haja ya kununua nyingine kwa sababu ya diski tu, kwa kuwa leseni ya kidijiti ya Windows 10 na 11 hufungamana zaidi na ubao mama.

Kompyuta huwashwa huku kitufe cha kuchagua kifaa kikibonyezwa: F12 katika kompyuta nyingi za Dell na Lenovo, F9 au Esc katika HP. Pale panapowezekana, usakinishaji ufanyike katika hali ya UEFI na diski ipangwe kwa muundo wa GPT, kwani muundo wa zamani wa MBR hauwezi kutumia nafasi inayozidi terabaiti 2. Katika hatua ya kuchagua mahali pa kusakinisha, diski mpya huonekana kama nafasi tupu isiyogawanywa. Hapa ndipo penye kosa lisilorekebishika: ikiwa diski ya nje yenye nakala imechomekwa, nayo huonekana katika orodha hiyohiyo, na kuichagua ni kuifuta. Diski zote za nje zichomolewe kabla ya hatua hii, ibaki flashi ya usakinishaji peke yake.

Umeme ukikatika katikati ya usakinishaji, hasara ni muda tu, maana diski ni mpya na data ziko kwingine. Kazi huanza upya. Kusasisha programu dhibiti ya ubao mama ni suala tofauti. Umeme ukikatika wakati huo, ubao mama huweza kufa, kwa hiyo jambo hilo lisifanyike bila betri nzima.

Mfumo ukishawaka, programu viendeshi vya mtandao huenda vikakosekana, na bila mtandao haviwezi kupakuliwa. Kinga ni kuvipakua mapema kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta na kuviweka kwenye flashi. Saa na tarehe zirekebishwe pia, kwani saa isiyo sahihi huzuia tovuti salama kufunguka na huzipa faili mpya tarehe za uongo, kasoro inayovuruga kumbukumbu za uwandani.

7.0 Kurejesha Data za Utafiti

Kurudisha folda la nyaraka pekee hakutoshi, kwa kuwa baadhi ya programu za wanaisimu huhifadhi kazi mahali pasipotarajiwa. Programu ya FieldWorks, inayotumika kuandaa kamusi na uchanganuzi wa mofimu, kwa kawaida huweka miradi yake katika folda lililofichwa la ProgramData. Mtafiti anayenakili folda la Documents tu huweza kuacha kamusi yake yote nyuma. Audacity kabla ya toleo la 3.0 la mwaka 2021 iliweka mradi katika faili dogo lenye mwisho wa aup na folda kubwa la data. Faili likinakiliwa bila folda, sauti haipo. ELAN huhifadhi unukuzi katika faili la eaf, ambalo halibebi sauti bali anwani yake tu. Baada ya usakinishaji anwani hubadilika, na mtafiti hulazimika kuionesha programu mahali sauti ilipo sasa. Fonti nazo ni sehemu ya data. Unukuzi wa Kinyambo uliowekewa alama za toni kwa fonti ya Charis SIL au Doulos SIL huweza kuonekana umevurugika kwenye mfumo mpya mpaka fonti hizo zisakinishwe.

Baada ya kurejesha, uthibitishaji ufanywe kwa hatua tatu. Kwanza, idadi ya faili na jumla ya ukubwa vilinganishwe na vya nakala akiba. Pili, alama za SHA-256 za rekodi zilinganishwe, ikiwa ziliandikwa wakati wa ukusanyaji, jambo linalopendekezwa liwe desturi. Tatu, kila rekodi isikilizwe mwanzo, katikati na mwisho. Rekodi iliyookolewa kutoka kwenye sekta mbovu huweza kufunguka vizuri na kuanza vizuri, kisha ikawa kimya katika dakika ya kumi na mbili. Mapengo ya namna hiyo yaorodheshwe na yatajwe katika sura ya methodolojia, ili mtahini ajue ni wapi unukuzi unategemea daftari pekee.

Hatimaye, kanuni ya 3-2-1 inayofuatwa na wahifadhi wa nyaraka itekelezwe: nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mahali tofauti. Kwa mtafiti wa Karagwe na Kyerwa, nakala hizo huweza kuwa kompyuta yenyewe, diski ya nje isiyosafiri katika begi moja na kompyuta, na nakala ya tatu iliyoachwa kwa mtu au ofisi ya kuaminika mjini hadi ifikishwe chuoni.

8.0 Hatima ya Diski Kuukuu na Maadili ya Utafiti

Diski iliyotolewa bado ina majina, sauti na pengine siri za ukoo. Kuifomati kwa haraka hufuta orodha ya faili tu, na data zenyewe hubaki zikisomeka kwa programu zilezile zilizotajwa katika sehemu ya 4.0. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu azilinde dhidi ya kufikiwa na wasiohusika. Kwa hiyo diski inayozunguka iandikwe yote upya walau mara moja kabla ya kuuzwa au kutolewa. SSD ifutwe kwa amri ya ufutaji salama ya mtengenezaji. Na isiyowaka kabisa ivunjwe sahani au vipande vyake.

Msimulizi aliyekubali kurekodiwa alimpa mtafiti ridhaa kwa matumizi mahususi. Ahadi ya kuilinda sauti hiyo inaihusu diski mbovu iliyo kabatini sawasawa na diski mpya iliyo kwenye kompyuta. Wakati huohuo diski asili isiharibiwe mapema. Itunzwe mpaka tasnifu itahiniwe na masahihisho yakubaliwe, kwani mtahini ana haki ya kuomba ushahidi wa data.

9.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala yameonesha kwamba kubadilisha diski na kusakinisha mfumo ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa mtafiti au fundi yeyote makini, na kwamba hatari yake iko katika mpangilio wa hatua kuliko katika ugumu wake. Kuchunguza hutangulia kuokoa, kuokoa hutangulia kubadilisha, kubadilisha hutangulia kusakinisha, na hakuna kinachofutwa kabla ya kuthibitisha.

Inapendekezwa kwamba, kwanza, pendekezo la utafiti wa uwandani liwe na maelezo ya namna data zitakavyohifadhiwa na kunakiliwa, na wasimamizi wayakague kama wanavyokagua hojaji. Pili, mafunzo ya mbinu za utafiti yajumuishe zoezi la kuchukua nakala na kuirejesha, kwa kuwa nakala ambayo haijawahi kurejeshwa haijathibitishwa. Tatu, hazina za tasnifu za vyuo zipokee rekodi pamoja na maandishi, kwa masharti ya ridhaa ya wasimulizi. Tasnifu nyingi huhifadhiwa leo kama maandishi tu, huku sauti zilizozizaa zikibaki katika diski za watu binafsi. Nne, istilahi za matengenezo ya kompyuta zikusanywe kutoka kwa mafundi wenyewe, ili neno la kitabuni na neno la mezani yakutane kabla mteja hajasaini kufutiwa asichokusudia kukifuta.